Kibuyu cha Kwenda Machame

Ukitaka kumkasirisha Ciakuthii, mwambie mkono wake umekosea. Unaweza kumwambia amezeeka, amenenepa, au kwamba leso yake imepauka. Atacheka na kukutajia kasoro nyingine ambazo ulikuwa hujaziona. Lakini mkono wake wa kulia usiuguse. Kwa mkono huo alikuwa akipima kahawa katika kiwanda kidogo cha chama cha wakulima kule Kanyakine, Meru, na tangu mtoni hadi barabarani hapakuwa na wa kumfikia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wakulima walileta kahawa mbivu, mashine ikaimenya, na punje zikaangukia kwenye tangi zikiwa bado zimevaa utelezi wake. Hapo ziliachwa zichache mpaka utelezi ukatike wenyewe. Ukiziosha mapema, utelezi unabaki na kahawa inakauka na madoa. Ukichelewa, zinaanza kunuka vitunguu, na mnunuzi anakunja uso kabla hujafungua gunia vizuri. Baina ya mapema na kuchelewa kuna kama saa mbili tatu hivi, na hizo ndizo alizozijua Ciakuthii. Alizamisha mkono mpaka kiwikoni, akafikicha punje, akafumba macho. Zikiteleza, alisema, "Bado." Zikikwaruza kama changarawe, alipiga ukelele na wanawake wote wakakimbilia maji. Kucha za mkono huo alizikata kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Za mkono wa kushoto aliziacha zijiotee.

Basi ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Watu wakahamishwa kutoka mashambani mwao na kupangwa katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote, na ikatolewa amri kwamba kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi mtu asionekane nje. Kutoka tarafa moja kwenda nyingine kulihitaji pasi yenye muhuri. Watu walizoea, kwa namna watu wanavyozoea jiwe ndani ya kiatu. Kahawa nayo haikuwa imeelezwa habari za kafyu. Kwa baridi ya Kanyakine, iliyomenywa leo saa tisa alasiri ilikuwa inaiva usiku wa kesho yake, saa nane, wakati mkono wa Ciakuthii umefungiwa ndani ya handaki pamoja na mwenyewe. Asubuhi akifika mbio kiwandani, vitunguu vilikuwa vikimsalimu tangu mlangoni.

Misimu miwili ikapita hivyo. Mzungu wa serikali aliyesimamia kahawa, ambaye watu walimwita Bwana Kahawa kwa kuwa jina lake liliwashinda kutamka, akaja na pikipiki yake akaeleza bila kuzunguka. Kahawa ya Kanyakine ilikuwa imeshuka mpaka daraja la sita. Msimu wa tatu ikiwa vivyo hivyo, mashine ingeng'olewa na kupelekwa kituo kingine ng'ambo ya mto, maili saba kutoka hapo.

Maili saba si nyingi kwa mwenye pikipiki. Kwa mwanamke mwenye debe la kahawa mgongoni, na pasi ya kuombea kwenye kambi ya chifu kila siku ya kuchuma, ilikuwa sawa na kuambiwa ang'oe mikahawa apande mihogo. Ciakuthii alikuwa na sababu nyingine zaidi. Mawe ya matangi yale yalibebwa na marehemu mumewe, Ishmael, kutoka mtoni, moja baada ya jingine, mwaka ule chama kilipoanza. Serikali ilikwisha kumtoa katika nyumba aliyojengewa na Ishmael. Sasa matangi ndiyo yalibaki, naye hakutaka kuyaona yamekauka na kuota nyasi.

Aliyemletea habari za kumsaidia ni Mursal, Msomali wa Meru mjini, mtu mwenye lori moja na hadithi za malori kumi. Yeye hakubanwa na zile pasi za Wameru, Waembu na Wakikuyu. Alipakia maharagwe na viazi, akashuka kupitia Embu mpaka Nairobi, akavuka mpaka Namanga na kufika Moshi, akarudi na vitambaa na magadi. Siku moja alisimama kiwandani kuomba maji ya rejeta. Akatoa mfukoni konzi ya kahawa iliyooshwa na kukaushwa, akamwekea Ciakuthii kiganjani.

"Onja ya wenzako wa Machame, kule juu ya Moshi, Mama Gacheri," akasema, akimwita kwa jina la bintiye wa kwanza.

Ciakuthii akanusa. Akatafuna punje moja. Akatafuna ya pili, polepole, hata wanawake wengine wakaacha kazi kumtazama.

"Nani anaosha hii?"

"Mama mmoja anaitwa Aikande. Ni kama wewe tu. Mdomo mkubwa."

"Mwambie huyo Aikande, kahawa yake usiku anamwachia nani?"

Mursal alicheka, lakini alikuwa mtu wa kushika maneno. Baada ya majuma mawili alirudi na jibu. "Amesema yeye pia analala kama watu. Jioni anafungulia kahawa maji safi ya mferejini mpaka inazama yote. Anasema inalala, asubuhi inaamka, anamaliza kuosha. Na amesema pole na hiyo kafyu yenu."

Ile pole ilimchoma Ciakuthii kidogo, maana hakuiomba. Hata hivyo jioni hiyo hiyo, kabla firimbi ya kafyu haijapulizwa, alifungulia maji tangi moja. Asubuhi alikimbia kiwandani, akazamisha mkono, akautoa umekufa ganzi. Maji ya mto ule yanatoka mlimani moja kwa moja, na kahawa ilikuwa imelala usingizi wa pono. Ilikuwa bado inateleza. Iliteleza mchana, ikateleza alasiri, na firimbi ya pili ikalia bado inateleza. Nyuma yake kahawa mbivu ya watu ilikuwa imejaa magunia, haina pa kumenyewa.

Kathuri, mwenyekiti wa chama, alikuwa mtu mpole siku zote isipokuwa akivaa koti. Siku hiyo alilivaa.

"Mama Gacheri, wewe umesikiza maneno ya watu wa nje, sasa ona! Hao ni watu tunashindana na wao sokoni. Unafikiri anaweza kukufundisha kitu kizuri?"

"Hakunidanganya, Mwenyekiti. Maji yake si haya yetu."

"Basi wachana na maji yake."

Ciakuthii alirudi nyumbani akiwa na hasira na kila mtu, Aikande akiwa wa kwanza na mto wa pili. Asubuhi yake, akingoja firimbi ya kufunguliwa, akamimina uji. Katika nyumba za huko, uji wa kuchacha haukosekani, ule wanaouita ucuru, na mwenye nyumba haumalizi kibuyuni. Anabakiza kidogo chini, kama vikombe viwili, na hicho kidogo ndicho chachu ya uji wa kesho. Uji mbichi ukimiminwa juu yake unachacha kwa siku moja. Bila chachu unakaa siku tatu unakuangalia tu.

Ciakuthii akasimama na kibuyu mkononi. Alikuwa amefanya jambo hilo tangu akiwa msichana, miaka arobaini sasa, na miaka saba alikuwa ameosha kahawa, na siku zote hizo mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwake. Akajitukana kwa Kimeru, tusi ambalo sitaliandika.

Firimbi ilipolia alifika kiwandani wa kwanza. Akachota maji mazito ya tangi lililokwisha kuchacha, yale ambayo siku zote yalimwagwa, akayaweka katika pipa kuukuu kwenye pembe. Kahawa ya siku hiyo ilipomenywa aliinyunyizia maji yale, akaifunika kwa magunia na majani ya migomba. Mara ya kwanza ilisaidia kidogo. Kila siku alirudisha pipani maji ya tangi lililochacha vizuri, na pipa likazidi kuwa kali, kama kibuyu cha uji kinavyozidi kadiri kinavyotumika. Baada ya majuma matatu, kahawa ya saa tisa alasiri ilikuwa inakwaruza kesho yake saa kumi na moja jioni, jua lingalipo na firimbi haijalia.

Na yale maji ya Aikande? Hapo ndipo yalipopata kazi. Kuna kahawa iliyochelewa kumenywa, ambayo firimbi iliikuta imebakiza kidogo tu kukamilika. Hiyo ndiyo Ciakuthii aliifungulia maji ya mto. Ililala palepale ilipofika, na asubuhi kuoshwa mara moja kukaimaliza. Chachu yake iliharakisha, maji ya Aikande yalishikilia. Kiwanda kikaacha kunuka, isipokuwa kwenye ile pembe ya pipa, ambayo ilinuka vibaya sana.

Mursal aliporudi tena alikuwa na ujumbe wa namna nyingine. Aikande alikuwa amehamishiwa kituo cha juu, karibu na msitu, kwenye baridi. Kahawa yake ilikuwa inakaa siku mbili bila kukatika utelezi na mvua zilikuwa zinakaribia. "Ameuliza kama watu wa baridi mnajua dawa."

Kathuri alikuwapo, na kwa bahati mbaya alikuwa na koti.

"Hapana! Wanunuzi ni wale wale. Wanaonja yetu na yao meza moja. Sisi tumebakisha majuma machache Bwana Kahawa aamue, na wewe unataka kupeleka silaha kwa mtu unapigana naye?"

Sitasema Ciakuthii alikuwa malaika. Alitaka sana kumshinda Aikande. Usiku alikuwa akiota wanunuzi wakiitema ya Machame na kuomba waongezewe ya Kanyakine. Akazunguka kiwanda mara mbili akiwaza. Lakini alilelewa katika nyumba ambamo mwanamke akija na kibuyu kikavu kuomba chachu ya uji hakunyimwa, hata kama jana yake mlitukanana kisimani. Na yeye mwenyewe alikwisha kupewa maji, akayatumia.

"Mwenyekiti, nikiulizwa na yeye nilifanya nini aliponiomba, nitasema nini?"

"Sema ulikuwa kwa kafyu."

Hata wanawake waliokuwa wakiosha walicheka, na Kathuri mwenyewe akashindwa kujizuia. Ciakuthii akatumia nafasi hiyo kujaza kibuyu maji ya pipani. Akakaza kizibo kwa nyuzi za mgomba, akamkabidhi Mursal. "Mwambie anyunyizie, afunike, na asiache pipa likauke. Na umwambie kwetu kibuyu cha chachu hakirudishwi kitupu."

Yaliyompata Mursal njiani aliyasimulia mwenyewe baadaye, tena kila mara kwa kuongeza. Penye kizuizi upande wa Embu, askari mmoja aliona kibuyu chini ya kiti. Siku hizo, kibuyu chenye kizibo kutoka milimani hakikuwa kitu cha mchezo, maana askari walikuwa wakitafuta vya kulishia watu viapo vya wapiganaji wa msituni.

"Hii ndani iko nini?"

"Maji ya kahawa, afande."

Askari akafungua kizibo, akanusa, akaruka nyuma na bunduki yake. "Hii si maji! Hii ni kiapo! Kama ni maji, kunywa!"

Mursal, mtu anayeswali swala tano na ambaye hata chai ya hoteli huitilia shaka, akatazama bunduki, akatazama kibuyu. Akapiga bismillahi, akanywa funda moja. Machozi yakamtoka. Alipopata sauti akasema, kwa uso mkavu, kwamba ni dawa nzuri ya tumbo. Askari akateremsha bunduki. Kisha akasogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini kama inasaidia kiungulia. Alipewa kikombe kimoja. Lori likafunguliwa njia, na kibuyu kikafika Machame kimepungua kidogo tu.

Kule Kanyakine siku zikakatika, mpaka Bwana Kahawa akatuma habari. Angekuja Jumatano, aone kwa macho yake kahawa ikimenywa, na Alhamisi saa kumi na moja jioni arudi aione ikioshwa. Ikiwa safi na tayari, mashine itabaki. Isipokuwa tayari, lori la serikali litakuja Ijumaa kuibeba.

Jumatano asubuhi Ciakuthii alikuwa kwenye foleni ya kambi ya chifu akingoja muhuri wa pasi ya kwenda tarafa jirani, uliogongwa siku hiyo tu ya juma. Kathuri naye alikuwa kiwandani, amevaa koti, akipigania chama chake kwa njia aliyoijua. Alikuwa amewahi kuona wazungu wakikagua shule na kambi, na alijua wanachopenda. Akawapanga watu wakapaka chokaa mawe ya njiani, wakafagia hadi kichakani. Kisha pua yake ikafika kwenye ile pembe.

Ciakuthii aliporudi, karibu saa sita mchana, kiwanda kilikuwa kinang'aa. Pipa lilikuwa nje, limeinamishwa juani, limesuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka chuma chake cha zamani kikaonekana. Matangi yote yalikuwa matupu na makavu, kwa kuwa Jumanne hakukuchumwa kahawa.

"Iko wapi?" akauliza, ingawa alikwisha kujua.

"Ile maji chafu? Tumemwaga," Kathuri akasema kwa furaha. "Bwana Kahawa angetufunga kwa hiyo harufu."

Ciakuthii hakupiga kelele, na hapo Kathuri akaanza kuogopa. Mwanamke yule aliketi juu ya ukingo wa tangi, juu ya mawe ya Ishmael, akajifunika uso kwa leso. Chachu ya majuma matano ilikuwa imekwenda na mfereji. Kuanza nyingine ni siku nyingi, naye alikuwa na kesho peke yake. Alimweleza Kathuri polepole, na kadiri alivyoeleza ndivyo koti lilivyozidi kumwia kubwa mwenyekiti wake. Mwishowe Kathuri alilivua, akalikunja, akaketi karibu naye. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika ile Hali ya Hatari yote, na alimwambia hivyo.

Walikuwa wameketi hivyo honi ya Mursal iliposikika barabarani.

Aliteremka akilalamika juu ya matairi, juu ya vumbi la Namanga, juu ya wanawake wawili waliomgeuza tarishi. Mkononi alikuwa na kibuyu. "Aikande anasema dawa imefanya kazi tangu siku ya kwanza. Anasema yake sasa ni kali kuliko yako. Nimemwambia wewe hutakubali. Amesema basi uonje mwenyewe, na mimi nimekataa kuonja mara ya pili."

Ciakuthii alikinyakua. Akang'oa kizibo, akanusa. Ilikuwa chachu yake, ile ile, iliyokwenda ng'ambo ya mpaka ikala kahawa ya watu wengine ikanona. Alianza kucheka na kulia kwa pamoja, akimpiga Mursal begani kwa mkono ule wenye kucha ndefu mpaka mwenye lori akarudi nyuma.

Bwana Kahawa alifika saa nane. Akayasifu mawe yaliyopakwa chokaa, jambo lililomfufua Kathuri kidogo. Kahawa ikamenywa mbele yake mpaka saa tisa, na kibuyu kizima kikamiminwa tangini, ukiacha vikombe viwili chini. Magunia yakafuata, na majani ya migomba. Usiku ule Ciakuthii hakulala, na sitausimulia kwa kuwa hakukutokea kitu, ila mwanamke kujigeuza kitandani.

Alhamisi, saa kumi na moja kasorobo, pikipiki ikalia mlimani. Ciakuthii alikuwa na mkono tangini tangu saa kumi. Bado. Bado. Bwana Kahawa akasimama, akavua glavu, akatazama saa yake. Kathuri alikuwa nyuma, bila koti.

Kisha Ciakuthii akapiga ukelele. Wanawake wakakimbilia maji. Bwana Kahawa akakunja mkono wa shati, akazamisha wake pia, akafikicha, na punje zikamkwaruza. Akainusa, akaichungulia, akainusa tena. Akauliza wamefanyaje.

"Tumesaidiwa na jirani," akajibu Ciakuthii.

"Jirani gani? Wa ng'ambo ya mto?"

"Mbali kidogo, Bwana."

Lori la Ijumaa halikuja. Msimu ule kahawa ya Kanyakine ilipata daraja la pili. Ya Machame nayo ilipata sifa kwa wanunuzi wale wale, na Mursal alihakikisha pande zote mbili zinajua, akatia chumvi palipohitajika. Kibuyu kilipokuwa tayari kwa safari nyingine, aliyekaza kizibo alikuwa Kathuri. Alikikaza kwa nguvu sana, akisema hataki askari wa Embu waimalize chachu.

Hali ya Hatari ilipoondolewa, na mtu akaweza kutoka Kanyakine bila kuomba muhuri wa yeyote, Ciakuthii alipanda lori la Mursal, akakaa mbele, akafumba macho kwenye kila kona mpaka Machame. Alimkuta mwanamke mfupi mnene amesimama kando ya tangi. Hawakuwa wameonana hata siku moja. Ciakuthii alitazama mikono yake kwanza, akaona kucha za kulia zimekatwa na za kushoto zimeachwa zijiotee.

Salamu zilikuja baadaye. Aikande alimvuta tu kwa kiwiko, na wote wawili wakazamisha mikono katika kahawa ya siku hiyo, wakafumba macho.

"Bado," akasema Aikande.

"Bado," akasema Ciakuthii.

Wakaketi juu ya ukingo wa tangi, mikono ikidondoka maji, wakaanza kusubiri pamoja.